Zabibu za Ugogo, Machungwa ya Bondeni

Katika chupa zote za mvinyo zilizowahi kupita bonde la Mto Mkondoa, ile iliyopata umaarufu kuliko nyingine haikufunguliwa hapo. Ilikuwa shampeni ya Kifaransa ya Sillery, mali ya Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyetoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 kwenda kumtafuta David Livingstone. Masika yalikuwa yamekaza. Nyika ya Mkata ilikuwa imegeuka kinamasi, punda walikwama matopeni, wapagazi waliugua, na Stanley mwenyewe alishikwa na tumbo la kuhara damu hadi akakonda. Walipotoka majini waliufuata Mkondoa kuelekea juu, wakaipita milima ya Usagara mpaka ziwa dogo la Ugombo, kisha Mpwapwa, kisha Ugogo. Chupa ikayavuka yote hayo bila kuvunjika. Novemba mwaka huohuo, huko Ujiji, Selim, kijana mkalimani aliyetoka Yerusalemu, aliagizwa ailete pamoja na vikombe vya fedha, na Wazungu wale wawili wakanywa wakitakiana afya.

Stanley hakuichagua njia ile kwa kubahatisha. Richard Burton na John Speke walikuwa wameipita mwaka 1857, na kabla yao misafara ya Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi ilikuwa imeipita kwa miaka mingi ikishusha pembe za ndovu na kupandisha nguo na shanga. Anayetoka pwani kwenda bara hukutana na ukuta wa milima, na Mkondoa ni miongoni mwa milango michache iliyopo katika ukuta huo. Mto wenyewe huanzia upande wa pili, Ugogo, ukiitwa Kinyasungwe. Hupita Gulwe na Godegode, hujipenyeza milimani karibu na Kidete, kisha huteremka Kilosa kwa jina la Mkondoa kabla ya kuungana na Wami na kwenda baharini.

Kidete, basi, iko mahali ambapo nchi mbili zinapeana mkono. Nyuma yake, upande wa magharibi, kuna uwanda wa Dodoma ulioinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 600, na mibuyu na mikwaju huvumilia miezi saba ya ukame. Mbele yake, chini, kuna Kilosa, iliyo mita 500 hivi tu juu ya bahari, yenye mvua karibu maradufu, miembe, michungwa, migomba na miwa. Nchi ya juu ilikuja kuzaa zabibu. Nchi ya chini ilikuwa na matunda tangu zamani. Anayetaka kujua jinsi Watanzania walivyofikia kuyaloweka matunda hayo ndani ya mvinyo wa zabibu hizo, wakapata kinywaji cha baridi cha jioni, hana budi kuifuata njia hii ya katikati: kila ilipofunguka vitu hivi viwili vilikaribiana, na kila ilipokatika vilitengana.

Vileo vya kabla ya zabibu

Bonde halikungoja mvinyo ili lijue kileo. Wagogo walikuwa na pombe ya mtama na uwele, na wenye mizinga walichachusha asali ikawa wanzuki. Wasagara na Wakaguru wa milimani nao walipika pombe ya nafaka, na Burton aliandika kwa kirefu juu ya pombe alizozikuta njiani. Mbali kidogo, Uhehe walikinga ulanzi kwenye mianzi, Uchagani walipika mbege ya ndizi na ulezi, Buhaya walikanyaga ndizi wakapata rubisi, na pwani wagema walipanda minazi asubuhi na jioni. Tunda, utomvu na asali vilikwisha kuwa vileo karne nyingi kabla ya chupa yenye kizibo kufika.

Hata hivyo, vileo vyote hivyo vilikuwa na tabia moja: havikusafiri. Tembo lililogemwa alfajiri huwa kali jioni na siki keshokutwa. Pombe ya mtama hunywewa siku ilipoiva, na ndiyo maana ilifungamana na kazi ya pamoja shambani, harusi na matambiko. Mvinyo wa zabibu, ukiwa na kilevi cha asilimia 12 au zaidi pamoja na asidi yake, hukaa miaka ukizibwa vizuri. Ni kileo cha safari, na ndiyo maana uliingia Afrika ya kati ukiwa mgongoni mwa mpagazi.

Chuma kinafika Kidete

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwishoni mwa 1907, Kilosa mwaka 1909, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Februari 1914 garimoshi likaona maji ya Ziwa Tanganyika pale Kigoma. Wahandisi walipofika Kilosa walikutana na swali lilelile lililowakabili viongozi wa misafara, wakapata jibu lilelile: kufuata mto. Kutoka Kilosa reli ilipanda na Mkondoa, ikapita Munisagara na Mzaganza, ikafika Kidete, kisha Godegode na Gulwe, na kutokea uwandani. Mahali pengine reli na mto vilibanana katika bonde jembamba, na uamuzi huo ulikuja kuwagharimu wajukuu wa wajenzi.

Reli ilibadilisha hesabu za chakula. Tunda lililokuwa likioza kabla ya siku ya tatu ya safari ya miguu sasa liliweza kupakiwa Kilosa asubuhi na kuliwa Dodoma siku hiyohiyo. Stesheni zikawa masoko ya dakika chache, wachuuzi wakikimbilia madirisha na mikungu ya ndizi, miwa na mayai ya kuchemsha. Chupa nazo zilikuja kwa masanduku badala ya mojamoja: bia, brandi na mvinyo kwa ajili ya maofisa, walowezi na wamisionari.

Kisha vita vikaja. Meli za Uingereza ziliziba pwani kuanzia 1914, na koloni la Wajerumani likalazimika kujitengenezea karibu kila kitu. Taasisi ya utafiti ya Amani, huko Usambara, iligeuka karakana: ilitoa sabuni, unga wa meno, kwinini, sigara na, katika miezi 18 ya kwanza ya vita, zaidi ya chupa 15,000 za wiski na vileo vingine, vyote kwa malighafi ya humuhumu nchini. Askari wakawa pia wakinywa maji machungu ya magome ya mkwinini, waliyoyapa kwa utani jina la shinapsi ya Lettow, kamanda wao. Katikati ya Agosti 1916 vita vilifika Kidete penyewe. Majeshi ya Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, yaliyoiteka Dodoma mwishoni mwa Julai, yaliteremka na reli yakipigana stesheni hadi stesheni, na tarehe 22 Agosti yakaingia Kilosa. Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walilipua madaraja.

Waingereza walioshika nchi baada ya hapo waliendeleza mpangilio uliokuwepo wa vileo. Tangu Mkataba wa Brussels wa 1890, mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekubaliana kuzuia biashara ya pombe kali katika eneo kubwa la Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika alizuiwa kununua vileo vya Kizungu. Alipangiwa kilabu cha pombe ya kienyeji chenye leseni, na gongo aliyoikeneka porini ilimpeleka mahakamani. Vizuizi hivyo vilianza kulegezwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa kando ya stesheni ya Kidete wakati wa Wajerumani aliweza kufikia utu uzima akiyaona masanduku ya mvinyo yakipita mbele yake, asiruhusiwe kununua hata chupa moja.

Mizabibu ya Bihawana

Zabibu zililetwa na padre, na zililetwa kwa ajili ya altare. Mwaka 1935 eneo la Dodoma lilikuwa limekabidhiwa Wapasionisti, shirika la mapadre kutoka Italia, na misa ya Kikatoliki haiwezi kufanyika bila mvinyo wa zabibu. Kuuagiza kutoka ng'ambo ni gharama. Waitaliano hao waliitazama ardhi ya kichanga iliyowazunguka, jua lisilokosekana na hewa kavu, wakakumbuka mashamba ya kwao. Mwanzo wa kilimo cha zabibu Dodoma huhesabiwa tangu mwaka 1957, katika misheni ya Bihawana, kusini ya mji.

Walichokigundua baadaye kiliwashangaza hata wao. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi kali na huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo anayeamua ni mkulima kwa mkasi wake. Akipogolea, mzabibu huchipua, na miezi minne hivi baadaye vichala huwa vimeiva. Wakulima wakajipangia mavuno mawili: moja mnamo Februari na Machi, jingine Agosti na Septemba. La pili ndilo lenye sifa, kwa sababu zabibu huiva katika ukame. Mvua haizioshi utamu wala haiziletei ukungu.

Mavuno hayo ya Agosti na Septemba huangukia wakati uleule ambao wakulima wa Hispania, Italia na Ufaransa nao wako shambani na vikapu, majira yao ya joto yakiisha. Ndizo jioni ambazo huko Ulaya watu hukaa nje na majagi ya mvinyo wenye matunda kabla baridi haijawafungia ndani. Dodoma nayo Septemba ina jioni zake: upepo mkavu wa kipupwe haujaisha, mchana kunaanza kuchoma, na jua likizama joto hushuka haraka.

Baada ya uhuru mizabibu ilivuka ua wa misheni. Magereza ya Isanga yalikuwa na shamba lake. Vijiji vya Hombolo, Mpunguzi, Mbabala na Mvumi vikaingia katika kilimo hicho, na pale Makutupora, kaskazini ya mji, serikali ikawa na kituo cha utafiti wa zabibu ambacho leo kiko chini ya TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Aina iliyoenea kuliko zote kwa mkulima mdogo hubeba jina la kituo hicho: Makutupora nyekundu. Mwaka 1973 serikali iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma, na mji wa wafugaji na stesheni ukaanza kupata wizara. Kampuni ya umma, DOWICO, ikasindika zabibu za wakulima na kuuza chupa zenye jina la Dodoma nchi nzima. Njia kuu ya kuzifikisha Dar es Salaam ilikuwa ileile: kushuka Gulwe, Godegode, Kidete, Kilosa.

Jagi linakamilika

Wakati Wagogo wakijifunza kupogolea, Wahispania walikuwa wakiifundisha dunia kunywa sangria. Kuloweka matunda na viungo ndani ya mvinyo ni kazi ya kale Ulaya. Warumi walitia asali na viungo, na watu wa Zama za Kati walitia mdalasini na karafuu zilizosafirishwa kupitia Bahari ya Hindi. Lakini jagi la mvinyo mwekundu, machungwa, sukari na barafu lilipata jina kubwa nje ya Hispania katika maonyesho ya dunia ya New York ya 1964 na 1965, pale banda la Hispania lilipowapa Wamarekani kinywaji hicho. Leo sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 inalinda jina lenyewe: kinywaji kinachouzwa kwa jina la sangria pekee lazima kiwe kimetengenezwa Hispania au Ureno, na kilevi chake kisifike asilimia 12. Nchi nyingine za Umoja huo huweza kuliongeza jina hilo tu kwenye maelezo kwamba ni kinywaji cha mvinyo kilichotiwa harufu, zikitaja na nchi kilikotengenezwa.

Sheria hiyo haina nguvu Kilosa, na mtu wa huko hahitaji ruhusa ya Madrid. Ukitazama ramani ya miaka ya 1970, kila kitu kinachoingia katika jagi lile kilikuwa tayari kinapatikana kando ya reli moja. Mvinyo ulitoka Dodoma. Sukari ilitoka kusini mwa wilaya ya Kilosa yenyewe: kampuni ya Kilombero ilianza kusaga miwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 karibu na Mto Ruaha Mkuu, kiwanda chake cha pili kikajengwa Ruembe, ng'ambo ya mto, na tawi la reli kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu liliiunganisha miwa hiyo na Reli ya Kati. Mdalasini, karafuu na iliki zilitoka Matombo na Kinole, katika miteremko ya Uluguru. Mgeta, milimani juu ya Morogoro, kulikuwa na pichesi na plamsi. Machungwa, ndimu, maembe na mananasi yalijaa kuanzia Kilosa hadi pwani. Ukwaju na ubuyu viliokotwa upande wa pili wa milima, katika nchi ya vumbi.

Ukwaju huo unastahili nafasi yake, maana ndio unaolitofautisha jagi la hapa na la Hispania. Zabibu zikiiva katika joto kali hujaa sukari na kupoteza sehemu ya asidi yake, na mvinyo wake huwa mzito mdomoni, hata kufikia kuchosha. Mhispania hulirekebisha hilo kwa limau. Ukwaju hulirekebisha kwa njia ya karibu zaidi, kwa sababu asidi kuu iliyomo ndani yake, ya tartariki, ndiyo asidi kuu ya zabibu. Anayekamulia ukwaju ndani ya mvinyo wa Dodoma huurudishia kitu ambacho jua lilikuwa limeuchukulia.

Namna ya kukitengeneza haina siri kubwa, ila ina mpangilio. Kwa chupa moja ya mililita 750 ya mvinyo mwekundu mkavu, huloweka ukwaju wa kujaa kiganja katika maji ya moto nusu kikombe, huvuruga kwa vidole na kuchuja. Katika sufuria ndogo huchemsha kikombe kimoja cha maji, vijiko vinne vya sukari, kijiti cha mdalasini, karafuu nne na kipande cha tangawizi, kisha huacha vipoe kabisa. Kupoza huko si hiari. Kilevi huchemka kwenye nyuzi 78, chini ya maji, na mvinyo ukikutana na sharubati ya moto hupoteza kilevi na harufu kwa pamoja.

Machungwa mawili huoshwa vizuri na kukatwa vipande vya mviringo pamoja na maganda yake, kwa sababu mafuta yenye harufu yamo kwenye ganda, na kilevi huyatoa vizuri kuliko maji. Nyama nyeupe iliyo kati ya ganda na tunda ndiyo yenye uchungu, na machungwa yenye ganda nene ni afadhali yapunguzwe hapo. Robo ya nanasi hukatwa vipande vidogo, na kwa msimu wake huongezwa embe ambalo bado gumu kidogo au pichesi ya Mgeta. Ndizi na papai havifai: hulainika, hupasuka na kuufanya mvinyo uwe na ukungu. Vyote humiminwa katika jagi la kioo au la udongo, huwekwa mahali pa baridi kwa saa nne hadi usiku mmoja. Kuvizidisha hapo ni kukaribisha matatizo. Matunda yana hamira zake za asili, sukari ipo, na baada ya siku tatu jagi huanza kutoa povu na kuchachuka upya. Wakati wa kunywa ndipo huongezwa barafu na, kwa wanaopenda povu la gesi, soda ya tangawizi.

Hesabu ya kilevi ni rahisi. Mvinyo wa asilimia 12 ukiongezewa mililita 400 za sharubati na ukwaju hushuka hadi chini kidogo ya asilimia 8, kabla barafu haijayeyuka. Utamu wa matunda huficha kiasi hicho, na wengi hunywa glasi ya tatu wakidhani wanakunywa juisi.

Mto unaikata njia

Miaka ya 1990 haikuwa ya heri. Viwanda vya umma vilianguka kimoja baada ya kingine, na DOWICO haikusalimika. Mkulima wa zabibu aliyebaki na mavuno asiye na mnunuzi alikuwa na uchaguzi mdogo: kuuza zabibu za kula kando ya barabara na kwenye stendi ya mabasi, au kung'oa mizabibu na kupanda alizeti. Wengi waling'oa. Kisha mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikaufurisha Mkondoa, na reli ikasombwa sehemu kadhaa.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010. Mvua zilizonyesha juu, Mpwapwa na Dodoma, zilishuka na Kinyasungwe zikiwa zimebeba mchanga na magogo. Bwawa la Kidete, lililokuwa likipunguza kasi ya maji, lilikuwa limekwisha kubomoka. Chini yake kingo za mto zilipasuka, mji wa Kilosa ukafurika, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikaachwa ikining'inia hewani bila tuta. Kwa miezi kadhaa treni hazikupita. Abiria wa Kigoma na Mwanza walipanda basi hadi Dodoma ndipo wakapanda treni. Uamuzi wa mwaka 1909 wa kuubananisha mto na reli katika bonde moja ulikuwa umedai malipo yake, na haikuwa mara ya mwisho. Shirika la Japani la JICA lilifanya utafiti mkubwa wa kuikinga sehemu hiyo na mafuriko, na kulijenga upya bwawa la Kidete kukawa kazi iliyosuasua kwa miaka.

Wakati huo barabara ya lami ilikuwa imekwisha kuipokonya reli mzigo mwingi. Zabibu na chupa zilishuka kwa malori kupitia Gairo na Dumila, zikiipita wilaya ya Kilosa kwa kaskazini, mbali na Kidete. Na biashara ya mvinyo yenyewe ilikuwa imeamka. Huko Hombolo Mwitaliano Fiorenzo Chesini alianzisha kampuni ya mvinyo ya CETAWICO, akapanda aina za kwao kama Teroldego, Marzemino na Aglianico. Kampuni kubwa ya vinywaji vikali ya Dar es Salaam, inayojulikana kwa Konyagi, ilianza kuuza mvinyo wa Dodoma. Chinangali, wilayani Chamwino, wakulima wadogo wakawa na shamba la pamoja la umwagiliaji wa matone. Serikali nayo ikaweka kodi ya mvinyo wa zabibu za ndani chini ya ile ya mvinyo wa kigeni.

Nje ya zabibu, wengine walirudi kwenye tunda lenyewe. Banana Investments ya Arusha ilifanya mvinyo wa ndizi kuwa bidhaa ya kiwandani. Vikundi vya akina mama, wengi wakifundishwa na SIDO, shirika la viwanda vidogo, vilianza kutengeneza mvinyo wa choya, ua jekundu lenye ukali wa kupendeza linalostawi hata kwenye ukame wa Dodoma. Choya hilo hilo, likichemshwa bila hamira, ndilo linalowafaa wasiotumia kileo: maji yake ya baridi pamoja na juisi ya zabibu, ukwaju, machungwa na mdalasini hutoa jagi lenye rangi na ukali uleule, na kwa Waislamu wa Kilosa na wageni wao hakuna kinachokosekana mezani.

Treni mpya, stesheni ileile

Tarehe 25 Julai 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na tarehe 1 Agosti Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Reli hiyo imetoboa milima ya Kilosa kwa mahandaki na kuvuka mabonde kwa madaraja marefu, ili isilale tena kando ya mto kama ile ya Wajerumani. Lakini bonde ni lilelile, na katika orodha ya stesheni zake kati ya Morogoro na Dodoma yamo majina ya zamani: Kilosa, Kidete, Gulwe, Igandu. Kipande hicho cha reli kinaishia Makutupora, na wageni wengi hudhani watashukia kwenye mizabibu. Hapana. Makutupora ya reli iko mkoani Singida, wilayani Manyoni, na ile ya watafiti wa zabibu iko kaskazini ya mji wa Dodoma, kwenye barabara ya Arusha.

Safari iliyomchukua Stanley miezi miwili na zaidi kutoka Bagamoyo hadi Ugogo, na iliyokuwa kazi ya siku nzima kwa treni ya zamani, sasa huchukua saa tatu na nusu hivi kutoka bandarini hadi makao makuu. Tatizo la mkulima wa Hombolo na Mpunguzi limehama kutoka njiani na kwenda kwenye bei. Wasindikaji wadogo wa Dodoma hukamua zabibu wakapata kile wanachokiita mchuzi wa zabibu, mvinyo ambao haujakamilishwa, na huuza kwa matangi kwa kampuni kubwa zenye mitambo ya kujaza chupa. Kampuni zikisita kununua, kama zilivyowahi kufanya, maelfu ya lita hubaki kwenye matangi ya plastiki, na mavuno ya Agosti huwakuta wakulima bado wanadai fedha za mavuno ya Machi.

Ndiyo maana mazungumzo ya wakulima na maofisa wa kilimo siku hizi yamegeukia bidhaa zisizohitaji kungoja chupa ya kampuni kubwa: juisi, zabibu kavu, siki, jamu, na vinywaji vya mvinyo mwepesi uliochanganywa na matunda. Mchuzi ambao ni mkali mno au mwepesi mno kuuzwa kama mvinyo kamili hufaa katika jagi la matunda, kwa sababu sukari, ukwaju na machungwa hubeba sehemu ya kazi. Machungwa hayo yapo Kilosa, na kati ya matangi ya Dodoma na michungwa ya Kilosa kuna stesheni tatu za treni ya umeme, ya kwanza kutoka Kilosa ikiwa Kidete.